Mashine Niliyoitabiria Kifo

Mama Sekunda tulimzika Mkonze siku ya Jumamosi. Nilipokuwa natoka kunawa mikono niende kwenye mikeka ya wanawake, mzee mmoja mwenye mkongojo alinishika mkono mbele ya waombolezaji. Nilimtambua kabla hajasema neno. Alikuwa Bwana Rwegasira, mkurugenzi wa kampuni ya kuchimba visima iliyoniajiri nikiwa na miaka ishirini na miwili. "Shikamoo, Mkurugenzi," nikasema, mdomo ukaitangulia akili, maana ana miaka mingi hajawa mkurugenzi wa kitu chochote. Akaitikia marahaba, kisha akawageukia wanaume waliokaa kwenye viti vya kukodi: "Huyu binti mnayemwona hapa ndiye aliyeitabiria kifo kompyuta yangu ya kwanza, na kweli ikafa. Kaeni naye mbali, asije akawatabiria na ninyi." Watu wakacheka kile kicheko cha msibani, cha kuziba mdomo kwa kiganja. Mimi nina wajukuu wanne na kwake bado ni binti, hilo nimemsamehe. Lakini sikucheka. Nilikaa kwenye mkeka, nikaletewa wali, nikashindwa kuumeza. Niliyetoka kumzika ndiye mtu pekee aliyekuwa amebaki akijua kwamba mwaka ule nilikuwa na kosa kweli, ila halikuwa hilo analolitangaza mzee yule kila anaponiona. Sasa nimebaki nalo peke yangu, na sipendi kukaa nalo peke yangu.

Ofisi yetu ilikuwa nyumba ya vyumba vinne pale Uhindini, Dodoma mjini, zamani duka la vitambaa. Rafu za mbao zilikuwa bado ukutani, na sisi tulipanga mabomba na vichwa vya kuchorongea miamba mahali palipokuwa na majora ya khanga. Zilikuwa enzi za ruksa. Kila aliyepunguzwa kazi serikalini alikuwa anafungua kampuni, na kila kampuni ilitaka kuwa na kitu ambacho ya jirani haina. Kitu chetu kilikuwa kompyuta. Ilitoka Dar es Salaam imeshatumiwa na mtu mwingine, ikaja juu ya lori katikati ya magodoro, na Mkurugenzi akaitengea chumba chenye zulia, pazia zito na feni kubwa kuliko feni zote za nyumba ile. Mlangoni tulivua viatu. Wageni nao walivua, hata waheshimiwa waliopita kutusalimia wakati wa vikao vya Bunge, na nimewahi kumwona mtu mzima mwenye suti amesimama juu ya zulia lile na soksi iliyotoboka kidole gumba, akiitazama mashine kwa adabu. Mama Sekunda, katibu muhtasi wetu, aliifumia kitambaa cha uzi mweupe chenye maua pembeni. Ikawa inafunikwa hata inapofanya kazi, mpaka nikamwomba awe anakitoa ikiwaka kwa sababu chini yake ilikuwa inachemka. Alininunia siku mbili. "Wewe vumbi la Dodoma unalijua?" aliniuliza. "Mimi nimezaliwa ndani yake. Likiingia humo usije kuniita."

Kazi yangu ilikuwa kuingiza vipimo. Nilikuwa nimesoma kompyuta miezi mitatu kwa mwalimu mmoja mkali ambaye hakutufundisha kutengeneza sana, alitufundisha kusikiliza. Alikuwa akisema fundi anayesubiri kuitwa ameshachelewa, na kwamba mashine, kama mtu, huanza kuumwa kabla haijalala kitandani. Nilimwamini mno, kama unavyomwamini mtu wa kwanza aliyekuchukulia kwamba una akili. Kila asubuhi, kabla sijaketi, niliweka sikio kwenye boksi la kompyuta nikasikiliza, nikapapasa mgongo wake kama una joto, nikatazama mshale wa stebalaiza, kile kifaa cha kutuliza umeme, umesimama wapi, nikayaandika hayo yote kwenye daftari la shule la kurasa arobaini. Siku moja Mkurugenzi akalikuta daftari mezani. "Unaandika nini?" Nikamwambia naandika hali ya mashine. "Inaumwa?" Hapana, Mzee. "Sasa mtu mzima asiyeumwa unamfungulia cheti cha nini?" Akalisukuma kwa kidole, si kwa ubaya, akaenda zake. Mama Sekunda akacheka mpaka akafuta machozi. Nililiweka kwenye droo nikaendelea kuandika kwa siri, maana tayari nilishaanza kuwa mtu wa siri katika ofisi ile.

Vipimo vyenyewe ni hivi. Mwaka uliotangulia, mtaalamu wetu wa miamba alizunguka vijiji kumi na kimoja, vingi vya upande wa Chemba na vichache vya Kongwa kuelekea Mlali, akipitisha umeme ardhini kwa kifaa cha kuazima ili ajue maji yako wapi na yako kina gani. Alipomaliza, kifaa kikarudi kwa wenyewe na yeye akapata kazi Botswana, akaondoka bila hata kutuaga vizuri. Akaacha madaftari yake ya porini, machafu, yananuka moshi na jasho. Mimi nikayaingiza yote kwenye kompyuta kwa miezi miwili, namba kwa namba, na chini ya kila kijiji maelezo ya kufika kwenye kitovu cha maji: hatua ngapi kutoka kona ya shule, ngapi kutoka kwenye kaburi la fulani. Mtambo wa kuchoronga tulikuwa tumeukodi kwa kiangazi kimoja tu. Ukishindwa kiangazi hicho, unakwenda kwa mtu mwingine na vijiji vinarudi kuchota kwenye mchanga wa mto. Kwa hiyo kila kitu kilisimama juu ya zile namba, na hilo kila mtu ofisini alilijua, hata mfagizi.

Mwezi wa Julai, pepo za kiangazi zilipoanza kurusha vumbi mpaka ndani ya vikombe vya chai, nikasikia sauti mpya. Chini ya mvumo wa kawaida wa mashine kulikuwa na mkwaruzo, kama ukucha juu ya debe, unakuja na kuondoka. Siku mbili baadaye nikafungua vipimo vya kijiji kimoja na mashine ikaandika kwa Kiingereza kwamba imeshindwa kusoma, niseme ijaribu tena au niache. Nikabonyeza ijaribu tena. Ikashindwa. Nikabonyeza mara ya pili, ya tatu, ikasoma. Nilijua ni diski ya ndani, ile inayoshika kila kitu, inaanza kuchoka. Sikushtuka sana, kwa sababu kila Ijumaa nilikuwa nachukua nakala kwenye disketi, na disketi zilikaa kwenye kabati la chuma la Mkurugenzi. Tena nikajiambia, madaftari ya mtaalamu yapo stoo. Mchana nikatoka nikanunua karanga kwa mama mmoja karibu na stendi. Nilikuwa nimeshazitafuna nusu nilipoona maandishi kwenye kile kikaratasi alichozifungia. Wino wa bluu, mwandiko wa kulala, namba katika safu tatu. Niliufahamu ule mwandiko kuliko wangu. Kilikuwa kipande cha kijiji cha Makutupa, kina mafuta ya karanga katikati.

Nilirudi mbio ofisini na kumuuliza Mama Sekunda madaftari yako wapi. Akanijibu bila kuinua macho kwenye taipureta. "Mkurugenzi si alisema stoo isafishwe? Kasema sisi sasa ni kampuni ya kompyuta, makaratasi ni ya masijala ya serikali. Wamekuja wauza karanga wakapimiwa kwa kilo." Nikakiweka kile kikaratasi mbele yake. Akakitazama, akakigeuza, akaendelea kuchapa. Na mimi, ambaye hapo nilitakiwa kutulia, nikaingiwa na wazo lililoninyima usingizi: zile disketi, nimewahi kuzijaribu? Nilikuwa naandika kila Ijumaa. Kusoma, sikuwahi. Kesho yake niliziomba tatu kwa kisingizio cha kuzifuta vumbi, nikazipeleka kwenye chuo kimoja mjini kilichokuwa na kompyuta mbili. Kijana wa pale akaingiza ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakuna iliyosomeka. Akaziingiza tena huku akiguna, kisha akaniambia, "Dada, mashine yenu mdomo wake umepinda. Inaandika kwa upande. Hizi zinasomwa na huyo huyo aliyeziandika, siku akifa amekufa nazo." Alilisema kwa furaha ya mtu aliyegundua jambo la kuvutia. Nilimshukuru nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi.

Leo ningekuwa na mtu wa kumpigia. Leo kuna makampuni yanalipwa kwa kazi ya kuzuia tu, watu wanavaa fulana zenye nembo na kukagua mashine zisizo na tatizo, na hakuna anayewaita wachawi. Nimefanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini na nimezeeka nayo. Wakati ule kulikuwa na methali tu. Tulikuwa tunaimbishwa shuleni kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na kila mkubwa aliipenda methali hiyo ilimradi ufa usiwe kwake. Niliingia kwa Mkurugenzi, nikasimama mikono nyuma, nikamweleza yote: mkwaruzo, disketi, karanga. Alinisikiliza. Alikuwa anakula chungwa, anatenga mbegu pembeni ya meza moja moja.

"Leo asubuhi mashine imewaka?" akauliza.

"Imewaka, Mzee."

"Umefanya kazi?"

"Nimefanya. Lakini inakufa, Mzee. Sijui ni wiki hii au mwezi ujao, ila inakufa. Naomba ruhusa tuizime, tupeleke Dar, au angalau tuchape kila kitu kwenye karatasi."

Akaacha chungwa. "Binti, hilo neno usilirudie humu ndani. Ijumaa baada ya wiki mbili wafadhili wanakuja kuiangalia hiyo kompyuta. Wanataka kuona vijiji vyao kwenye kioo. Wewe unataka niwapokee na rundo la karatasi, kama masijala? Au niwaambie mashine iko Dar hospitali?" Akafuta vidole. "Huo ni uchuro. Kitu kizima hakitabiriwi mabaya. Ukimwambia mtu mzima utakufa, akifa, tumuulize nani?"

Nilitoka pale nimeshikwa na hofu ya aina mbili. Moja, mashine itakufa. Ya pili, na hii ndiyo iliyonikaba, kwamba tangu dakika ile ikifa itakuwa ni mimi niliyeiua. Kama ningekaa kimya ningekuwa salama kabisa. Ingelia kidogo, ingezima, tungesema ni mapenzi ya Mungu, tungepeana pole, basi. Nilimchukia Mkurugenzi siku ile chuki ya kweli, na nilijichukia mwenyewe zaidi kwa sababu nilianza kuwaza kunyamaza.

Aliyenitoa huko ni Mama Sekunda. Mwanzoni naye aliniambia nitubu mdomo wangu. Lakini siku ya tatu, nikiwa nimeinamia meza, akaja akasimama mlangoni pa chumba cha kompyuta akiwa na viatu vyake mkononi. "Hicho kikaratasi cha karanga," alisema. "Makutupa ni kwa wifi yangu. Anaamka saa tisa usiku kufuata maji, na mgongoni ana mtoto." Akaitazama printa. "Mkurugenzi anatoka saa saba, anakwenda kula na kulala. Harudi kabla ya saa tisa. Hiyo printa yako inaweza kuchapa kiasi gani?" Nikamwambia inategemea mashine inavyosoma, pengine kijiji kimoja, siku nzuri viwili. "Karatasi ninazo mimi, ufunguo wa stoo ninao mimi. Akiniuliza nitasema nini, nitajua siku hiyo."

Tukaanza Jumatatu. Kwanza tulihitaji kujua tuanze na nani, maana kama ingekufa katikati, waliobaki wangebaki kweli. Sikutaka kuchagua mimi. Nikamfuata Mzee Salimu, fundi mkuu wa uchorongaji, Mrangi wa Kondoa, mtu mpole mwenye sijida kwenye paji la uso na mikono iliyokomaa kwa chuma. Alikuwa uani anapaka grisi. Alisikiliza mpaka mwisho, hakuniita mchuro. Aliuliza tu, "Mwanangu, vigingi vyake alivyopiga yule bwana, vipo?" Nikamwambia watu walishaving'oa kwa kuni. Akatikisa kichwa, akaanza kutaja vijiji kwa vidole, akianza na wale wanaokwenda mbali zaidi. Mwisho kabisa akataja Songambele. "Wale wana lambo la maji ya mvua. Mwenye lambo anaweza kusubiri." Nikaandika hivyo.

Sijawahi kufanya kazi yenye mashaka kama ile, na baadaye nimezima moto mkubwa zaidi ya ule. Saa saba na dakika tano gari la Mkurugenzi likishapiga kona, Mama Sekunda anafunga mlango wa mbele, mimi nafungua kijiji. Mashine inakwaruza. Inaniuliza nijaribu tena au niache. Jaribu tena. Jaribu tena. Mara nyingine mara kumi na tano, kisha ghafla namba zinatiririka na printa inaanza kupiga kelele yake, inagonga utepe uliofifia mpaka rafu zinatetemeka. Mama Sekunda alikaa kwenye taipureta yake anachapa maneno ya ovyo ili apitaye barabarani asikie ofisi iko kazini. Nilipoyaona siku moja yalikuwa majina ya watoto wake na ya watakatifu, kurasa nzima. Karatasi zile za mkunjo, zenye matundu pembeni, tulizikunja tukaziweka ndani ya mfuko wake wa nyuzi za kufumia. Saa tisa kasoro tunafungua madirisha harufu ya utepe itoke. Mchana hatukula chochote. Jioni nilikuwa nasikia kizunguzungu nikipanda kwenda mtaa wa Kikuyu nilikopanga, na nikilala nasikia ule ukucha juu ya debe.

Jumatano ya wiki ya pili tulikuwa na vijiji kumi. Kimebaki kimoja. Na sasa nimefika kwenye Alhamisi, ambayo nimeizunguka tangu mwanzo.

Alhamisi saa saba, gari lilipoondoka, Mama Sekunda hakufunga mlango. Alisimama, akajinyoosha, akasema, "Zaituni, leo tukale kama watu. Kimebaki kimoja, tena chenye lambo. Kesho wageni wanakuja saa nne, wewe uje saa moja, utakuwa umemaliza." Nilikuwa naisikia mashine kutoka pale nilipokaa. Siku ile ilikuwa inakwaruza bila kupumzika, nilishaiandika asubuhi kwenye daftari kwa mkono wangu: *mbaya zaidi ya jana.* Mtu yeyote aliyefundishwa na mwalimu wangu angejua maana ya maneno yale. Na mimi nilijua. Lakini njaa ya siku tisa ilikuwa imenishika tumboni, na harufu ya vitunguu vinavyokaangwa kwa mama lishe wa nyuma ilikuwa inaingia dirishani, na aliyesema ni mkubwa wangu, na nikamwona anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tuanze. Nikasema, "Haya, mama, twende."

Tulikula ugali wa mtama wa moto, na mlenda uliotiwa karanga mpaka ukawa mzito, na kipande cha nyama ya mbuzi kila mmoja. Mama lishe alituongeza mlenda bila kuombwa. Mama Sekunda akanisimulia alivyotoroka shuleni akaolewa, nikacheka mpaka nikapaliwa, akanipigapiga mgongoni. Nakumbuka nilivyolamba vidole. Nakumbuka jua kwenye sahani za bati. Ulikuwa mlo mzuri kuliko yote niliyokula mwaka ule, na hilo ndilo siwezi kulifanyia kitu mpaka leo.

Ijumaa saa moja kamili nilibonyeza swichi. Feni ya ndani ikazunguka, kisha nikasikia kishindo kidogo, kisha kingine, vikifuatana kwa mpango, na kioo kikabaki cheusi na mstari mmoja wa maneno. Hakikuniuliza nijaribu tena. Nikazima, nikasubiri, nikawasha. Nikarudia mpaka Mama Sekunda akanishika mkono. Saa nne wafadhili wakaingia, wawili, wakavua viatu wenyewe kwa furaha, Mkurugenzi yuko mbele yao anaeleza. Akanifanyia ishara. Nikasema, "Mzee, haiwaki." Alisogea akabonyeza mwenyewe. Kile kishindo kikasikika chumba kizima. Uso wake ulibadilika rangi, akanigeukia na kusema kwa Kiswahili, polepole ili wageni wasielewe: "Nilikwambia nini? Si ulisema itakufa? Haya, umeiua, furahi."

Nikasikia nyayo za Mama Sekunda kwenye zulia. Alikuja na mfuko wake wa nyuzi, akautua mezani juu ya kile kitambaa cheupe, akatoa karatasi rundo baada ya rundo. "Mkurugenzi," alisema, "yaliyokuwamo ni haya." Mgeni mmoja akachukua la juu, akakunjua, akafuata safu kwa kidole. Nilimwona Mkurugenzi akitazama karatasi, akinitazama, akimtazama Mama Sekunda, na hesabu ikifanyika machoni pake. Kisha akanyoosha tai na kuwaambia kwa Kiingereza safi kwamba huo ndio utaratibu wa kampuni yake: hapa kwetu hatuiamini mashine moja, kila kitu tunakiweka kwenye karatasi kabla hakijaharibika. Wakamsifu. Wakaandika kwenye vitabu vyao.

Walipoondoka akaniita. Nilidhani ataniomba radhi, ujana una mambo yake. Alikuwa amekaa, amechoka, na nadhani alikuwa ananiogopa kweli. "Umeokoa kampuni, sikatai," alisema. "Lakini Jumatatu usije. Mtu ambaye akisema kitu kinatokea, siwezi kukaa naye nyumba moja. Kesho utaniambia na mimi naumwa." Na Mama Sekunda hakumgusa, kwa sababu Mama Sekunda hakutabiri, alichapa tu.

Mzee Salimu ndiye aliyenichukua. Hakuweza kusoma Kiingereza kilichokuwa juu ya zile safu, akamwambia Mkurugenzi kwamba bila msomaji mtambo hautoki, na kwamba porini hakuna cha kutabiriwa. Nikazunguka na lori lake kiangazi kile. Makutupa tulikaa siku tatu, na maji yalipopanda watu walituangukia shingoni, wifi yake Mama Sekunda akanimwagia ndoo nzima mwilini nikiwa nimevaa nguo zangu nzuri. Visima vyote kumi vilitoa maji kama karatasi zilivyosema, ingawa kimoja kilikuwa na chumvi. Wakati wote huo nilikuwa najua tunakokwenda mwisho.

Songambele tuliingia mwishoni mwa Septemba. Tulipita kando ya lambo lao. Lilikuwa limekauka, udongo umepasuka vipande vya ukubwa wa sahani, na alama za kwato za ng'ombe zimeganda katikati yake. Mzee Salimu aliliona, akashika usukani kwa nguvu. Tukachoronga penye ofisi ya kijiji kwa sababu mwenyekiti alitaka pawe hapo na sisi hatukuwa na la kumpinga nalo. Siku ya kwanza lilitoka vumbi jekundu. Siku ya pili vumbi jeupe. Tukahamia nyuma ya shule, likatoka vumbi lile lile, na wanawake waliopanga ndoo mstari tangu alfajiri hawakuziondoa. Walikaa kando yake na kutazama. Siku ya tano mtambo ulitakiwa kurudi kwa mwenyewe. Mafundi wakaanza kufungua mabomba.

Bibi mmoja akainuka kwenye ule mstari, akanijia nilipokaa na karatasi zangu mapajani. Alizungumza Kiswahili cha taratibu, cha mtu anayechagua kila neno. Aliniuliza kama ni mimi mwenye makaratasi yanayoonyesha maji. Nikamwamkia, nikasema ni mimi. "Hebu nionyeshe," akasema, "sisi wa Songambele tumeandikwa wapi humo."

Nilikuwa najua hakuna. Bado nilizifunua zote, moja baada ya nyingine, mpaka ya mwisho, kwa sababu alikuwa amesimama pale ananingoja. Kisha nikashindwa kumdanganya.

"Hamumo, bibi. Nilitakiwa niwaandike siku ya Alhamisi, mashine ilikuwa bado nzima. Sikuwaandika."

"Alhamisi ulikuwa unaumwa?"

"Hapana, bibi. Nilikwenda kula."

Alinitazama. Sikuona hasira usoni pake, na ningeitaka. Aliinama akaokota ndoo yake, akaigeuza kumwaga vumbi lililoingia ndani, akaujaribu mshikio kama bado una nguvu.

"Na ulishiba, mjukuu wangu?" akaniuliza.